Sketi ya Bi Mdogo

Kit Yeng hakutulia. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akafungua friji, akalitazama bakuli la tofu ya soya kana kwamba lina jambo la kumwambia, akaifunga friji. Nje, vilima vya mawe vinavyouzunguka mji wa Ipoh, Malaysia, vilikuwa vimefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Mvua ilitishia tangu alfajiri na haikuwa na nia ya kunyesha.

"Utatoboa sakafu," alisema Bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na ungo wa machipukizi ya choroko mapajani, anayang'oa mikia mmoja mmoja. "Kaa hapa unisaidie."

"Nitakaa ukinijibu."

"Nimeshakujibu. Hapana."

"Hapana ipi? Nimekuuliza mawili."

"Zote mbili. Koti na sketi vitabaki sandukuni. Na mimi nitabaki jikoni. Haya, kaa."

Harusi ilikuwa Jumamosi, na hiyo ilikuwa Jumatatu. Kit Yeng alitaka mambo mawili tu kwa bibi yake. Alitaka kuvaa vazi ambalo Bibi aliolewa nalo, koti la hariri nyeusi na sketi yake. Na alitaka, akiwa ndani ya vazi hilo, apige magoti na kumpa Bibi kikombe cha chai, Bibi akiwa kitini kama wanavyokaa wazee wote wa ukoo siku bi harusi anapowaaga. Baba yake alishakufa, kwa hiyo chai ya upande wa baba ingepokelewa na Baba Mkubwa Pak Hoi. Lakini Bibi ndiye aliyemlea. Bibi ndiye aliyemfundisha kushika sindano kabla hajajua kushika vijiti vya kulia. Kama Bibi asingekunywa chai yake, harusi hiyo ingekuwa sherehe ya watu wengine.

"Kila harusi uko jikoni," Kit Yeng alisema. "Ya baba ulikuwa jikoni. Nimeona picha. Mama yangu kapiga magoti, babu yupo kitini, mke mkubwa yupo kitini, na wewe huonekani hata kisigino."

"Nani angepika? Wewe? Wewe hata uji unaunguza."

"Bibi!"

"Bibi nini? Nunua vazi jipya. Maduka yamejaa."

Hapo ndipo palipouma. Kit Yeng alikuwa na duka lake mwenyewe, karibu na stesheni ya treni, na mji mzima ulijua duka hilo linauza nini. Alinunua mavazi ya kale ya harusi kutoka kwa familia zilizohama au zilizoishiwa na watu, akakata mgongo wenye ndege wa kifalme au kifua chenye joka, akakishona kipande hicho juu ya jaketi la jinzi. Wateja wake walikuwa Melbourne, Vancouver na London, vijana wa Kichina waliozaliwa huko, wenye hamu ya kuvaa kitu cha babu zao bila kulazimika kuongea nao. Chini ya kila picha mtandaoni Kit Yeng aliandika maana: joka ni mume, ndege ni mke, popo ni baraka, tunda la komamanga ni watoto wengi. Alikuwa na stashahada kutoka chuo cha ushonaji Kuala Lumpur na hakuwahi kukosa maana ya kuandika. Na wiki iliyopita alikuwa ameandika, kwa watu elfu kadhaa, kwamba Jumamosi atavaa vazi la bibi yake.

Sasa anunue la dukani kama asiye na kwao?

Jumatano Bibi alikwenda hekaluni kuchoma udi. Kabla pikipiki ya jirani aliyempakia haijakunja kona, Kit Yeng alikuwa chumbani, amepiga magoti mbele ya sanduku la mti wa kafuri. Ufunguo ulikuwa pale pale ulipokuwa siku zote, ndani ya kikopo cha mafuta ya misuli.

Koti lilikuwa juu. Alilinyanyua kwa mikono miwili kwa sababu ya uzito wa nyuzi za dhahabu. Joka upande huu, ndege upande ule, na mawingu kati yao yametariziwa kwa uzi wa fedha uliogeuka kijivu. Mishono ilikuwa midogo kiasi kwamba ilimtia wivu.

Chini yake kulikuwa na sketi, na sketi ilimkatisha tamaa. Ilikuwa ya waridi, rangi ya nyama ya pera lililoiva. Tarizi zake zilikuwa nzima, lakini kitambaa kati ya tarizi kilikuwa na ile rangi ya upole, ya haya, rangi isiyotaka kuonekana.

"Masikini," Kit Yeng aliiambia. "Umechuja."

Maana sketi ya bi harusi ni nyekundu. Hilo halihitaji stashahada. Mtoto yeyote wa Kichina anajua. Aliigeuza, akafungua pindo la kiuno ambako jua halikuwahi kufika, akaona waridi ile ile, sawasawa, bila hata kivuli cha wekundu. Mkono wake ulisita hapo. Fundi aliye ndani yake alitaka kuuliza swali. Lakini Jumamosi ilikuwa inakuja mbio, na Kit Yeng hakuwa mtu wa kungoja maswali yafike. Hariri za zamani hufifia hata gizani, alijijibu, akaikunja sketi ndani ya foronya, akatoka.

Hakuitumbukiza kwenye rangi, asingethubutu. Maji ya moto yangeua dhahabu. Aliitandaza juu ya meza kubwa ya duka, akafunga mlango, akaanza kuipaka kwa brashi ndogo ya mchoraji, wekundu ukiingia kati ya manyoya ya ndege, ukizunguka kila ua la peoni, ukiingia kwenye njia nyembamba kati ya jani na jani bila kugusa uzi. Mgongo uliuma. Macho yalitoa machozi. Simu ililia mara nyingi, na mara moja aliipokea kwa kiwiko. Alikuwa mchumba wake, Chee Leng.

"Uko wapi? Mama anauliza bata wawili au watatu."

"Wanne. Niache."

"Unafanya nini?"

"Namfufua bibi yangu."

"Kwani kafa? Mbona tumechapisha kadi?"

Alikata simu huku anacheka. Alikuwa na furaha ile yenye homa, furaha ya mtu anayefanya jambo zuri kwa siri. Alimwona Bibi akilini, akiingia, akiiona sketi, akishika mdomo. Angelia kidogo. Kisha angesema sawa, nitakaa kitini.

Alhamisi mchana, baada ya kuipitisha kwenye mvuke ili rangi ishike, aliitundika sebuleni kwenye mwanzi, mbele ya madhabahu ya mababu. Ilikuwa nyekundu kama pilipili kavu. Dhahabu, iliyokuwa imelala juu ya waridi, sasa iliruka. Kit Yeng alizunguka chumba, akairekebisha, akarudi nyuma, akairekebisha tena. Mama yake alipita na ndoo, akatazama, akasema ni nzuri, akaenda kupiga deki ngazi.

Bibi aliingia na mfuko wa mizizi ya yungiyungi. Akaiona.

Hakushika mdomo. Aliweka mfuko chini, akaenda kwenye bomba, akanawa mikono kwa sabuni na kuifuta vizuri, maana hariri haishikwi na mikono ya sokoni. Akarudi, akafungua pindo la kiuno, akaangalia ndani. Hata hapo Kit Yeng alikuwa amepaka. Bibi akainua unyoya mmoja wa ndege kwa ukucha, taratibu, na chini ya uzi wa dhahabu ikaonekana waridi, nyembamba kama kovu.

"Umefanya nini, wewe mtoto?"

"Nimeirudishia rangi yake."

"Rangi yake ilikuwa ile."

"Ilichuja, Bibi. Sketi ya harusi ni..."

"Nyekundu. Najua. Nyekundu ni ya mke mkubwa." Bibi alisema hivyo kama anavyosema bei ya samaki. "Mke mdogo havai nyekundu. Hakukufundisha mtu huko chuoni? Pamoja na popo zako na makomamanga yako?"

Kit Yeng alijua kwamba Bibi alikuwa mke mdogo wa babu yake, marehemu Thong, mwenye machimbo ya bati. Alilijua kama mtu anavyojua kuna mto mjini kwao, anauvuka kila siku bila kuutazama. Hakuwahi kufikiri kwamba lilikuwa na rangi.

"Nani alisema usivae?"

"Hakuna aliyesema. Bi Mkubwa alinipeleka dukani mwenyewe. Alikuwa mwema siku hiyo, alininunulia na barafu ya kusaga yenye sharubati. Halafu akanyoosha kidole kwenye majora. Ile ya waridi. Mwenye duka hata hakuuliza, alijua." Bibi aliliachia pindo. "Nikaletwa hapa kwa mlango wa nyuma. Nikapiga magoti pale uliposimama, nikampa Bi Mkubwa chai. Baba Mkubwa wako alikuwa mtoto, amesimama kando ya kiti cha mama yake, shavu limejaa peremende. Ananitazama kama mtu anayetazama mbuzi mpya."

Kit Yeng alianza kutembea tena, hadi madhabahuni na kurudi.

"Basi nitavaa waridi," alisema. "Nina hariri ya waridi dukani, nashona usiku huu. Nitavaa waridi mbele yao wote, mbele ya Pak Hoi na fimbo yake, na nitaandika wazi wazi kwa nini. Dunia nzima isome."

"Upigwe picha?"

"Siyo picha, Bibi. Ni haki."

"Ni picha." Sauti ya Bibi haikupanda, lakini kitu ndani yake kilikaza. "Watu wa Melbourne watakupigia makofi. Mimi nilivaa rangi ile kwa sababu sikuwa na ruhusa ya kusema neno. Wewe utaivaa kwa sababu una mengi ya kusema. Hiyo siyo nguo moja, mwanangu. Usinivae mimi kama jaketi."

Kit Yeng aliacha kutembea. Hakukumbuka lini mtu alimfunga mdomo mara ya mwisho.

Bibi alishusha sketi, akaikunja juu ya mkono wake. "Na hii sasa ni ya uongo. Wekundu wa brashi."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitapika."

Akapanda ngazi, na mlango wa chumba ukafungwa bila kelele. Kit Yeng angependa ubamizwe.

Ijumaa ilimkuta hana vazi. Alikwenda, kichwa kimeinama kwa mara ya kwanza katika mtaa ule, kwenye duka la kukodisha mavazi ya harusi la Bi Sook Han, mwanamke aliyekuwa akimwita "mchinja majoka" kila walipokutana kwenye duka la kahawa.

"Haa! Mchinja majoka mwenyewe!" Bi Sook Han alipiga makofi. "Karibu, karibu. Joka lipi leo? La kukata au la kuvaa?"

"La kuvaa."

"Nimesikia vibaya? Si tuliambiwa la bibi?"

"Dada, nikodishie au nitoke."

Bi Sook Han akamtazama usoni, akaacha kucheka. Alimletea lililokuwa limebaki, jekundu juu na chini, lililotariziwa kwa mashine, fupi kidogo mikononi na lenye kubana kwapani. Ndege wake walikuwa na macho ya plastiki. Kit Yeng alilibeba nyumbani ndani ya mfuko wa nailoni na hakupiga picha hata moja.

Asubuhi ya Jumamosi nyumba ilijaa watu hadi barabarani. Chee Leng alikuwa amepita mlangoni baada ya wasichana kumlisha limao na pilipili, kama ilivyo desturi ya kumjaribu bwana harusi, na bado alikuwa anafuta macho. Mbele ya madhabahu viliwekwa viti viwili. Kwenye cha kulia alikaa Baba Mkubwa Pak Hoi, mzee mkavu aliyevaa suti na kuweka fimbo yake juu ya kiti cha kushoto, kama mtu anayemshikia mwenzake nafasi kwenye sinema. Ukutani, juu ya kiti hicho, Bi Mkubwa, mama yake, alikuwa akiwatazama kutoka kwenye picha.

Mama wa sherehe, yule anayelipwa kuita majina na kumwaga baraka, alikohoa. "Bi harusi, bwana harusi, pigeni magoti! Baba Mkubwa, kunywa chai!"

Chee Leng akapiga magoti. Kit Yeng akabaki amesimama na sinia.

"Kwanza Bibi," alisema.

Minong'ono ikapita chumbani. Mama yake akamvuta mkono wa vazi, na mshono wa kwapa ukalia. "Mwanangu, usituaibishe. Chai inapoa."

"Bibi yako yuko jikoni," Baba Mkubwa alisema, bila ubaya. "Kama siku zote. Ndivyo apendavyo."

"Nani alimuuliza anachopenda?"

"We mtoto!" mama yake alisema.

Kit Yeng akamkabidhi Chee Leng sinia, akakata katikati ya wageni hadi jikoni. Alikuwa amejiandaa kumpigia magoti hata kwenye sakafu yenye mafuta, kati ya masufuria. Lakini jikoni kulikuwa na binamu zake wawili tu wakibishana juu ya mchuzi. Jiko la Bibi lilikuwa limezimwa. Aproni yake ilining'inia msumarini.

"Bibi yuko wapi?"

"Tulidhani yuko kwako."

Ameondoka, aliwaza. Amechukua mfuko wake na kwenda zake, na mimi ndiye niliyemfukuza kwa brashi yangu. Alikimbia kwenye mlango wa nyuma, akatazama kichochoroni. Paka na mitungi ya gesi. Akageuka, na ndipo aliposikia sebule imenyamaza, ukimya wa ghafla wa watu wengi.

Bibi alikuwa anashuka ngazi.

Alishuka upande upande, mkono ukutani, kama mtu wa umri wake anavyoshuka. Koti jeusi lilikuwa wazi, maana mwili uliokuwa ndani yake siku ile ya harusi yake haukuwepo tena. Chini ya koti ilikuwa blauzi yake nyeupe ya sokoni. Na chini ya blauzi, nyekundu, nyekundu kabisa, ikigonga kila ngazi kwa uzito wa dhahabu yake, ilikuwa sketi.

Baba Mkubwa alikuwa ameinuka nusu. Macho yake yalikuwa kwenye sketi. Kati ya watu wote wa chumba kile, yeye peke yake aliwahi kuiona ikiwa mwilini mwa Bibi.

"Hiyo ilikuwa ya waridi," alisema.

"Ilikuwa," alisema Bibi.

"Mama alikuchagulia."

"Alinichagulia, nikaivaa. Huyu mjukuu wangu hakuuliza mtu, akaipaka." Alifika chini, akapumua kwanza. "Nimemkasirikia siku mbili. Leo asubuhi nikaijaribu, nikaona inanienea kuliko zamani."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajuta. Baba Mkubwa alitazama picha ukutani, akamtazama mwanamke aliyesimama mbele yake. Kit Yeng, mlangoni mwa jikoni, kwa mara ya kwanza akaweza kumwona yule mtoto mwenye peremende shavuni.

"Itachuja," mzee alisema hatimaye. "Rangi ya kupaka. Itachujia kitini."

"Basi kiti kitakuwa chekundu, Pak Hoi."

Mzee akachukua fimbo yake kutoka kiti cha kushoto na kuiweka kati ya magoti yake mwenyewe.

Bibi akakaa. Alikaa ukingoni, kama mtu anayesubiri basi, mikono imefungana.

Kit Yeng alipiga magoti kwa haraka mno, akasikia uzi wa kwapa ukikatika kabisa. Chee Leng akajisogeza kwa magoti hadi kando yake, sinia mikononi.

Mama wa sherehe alifungua mdomo na kukwama. Kwa miaka yote nyumba hii ilimwita mwanamke huyu Bi Mdogo. "Bi..." alisema. "Bi M..."

"Sema Bibi tu," Bibi alimsaidia. "Ndivyo anavyoniita."

"Bibi, kunywa chai!"

Kit Yeng aliinua kikombe kwa mikono miwili. Maneno yote aliyokuwa ameyapanga tangu Alhamisi, ya kuomba radhi na ya kujitetea, yalimtoroka. "Kunywa chai, Bibi," alisema.

Bibi akanywa yote kwa mkupuo mmoja, chai ya moto hivyo hivyo, na machozi yakamtoka. "Tamu mno," alisema. "Nani kaweka tende nyingi hivi? Mnataka kunipa kisukari?"

"Bibi!" Sauti ya binamu ilitoka jikoni. "Bibi, kisu cha kukatia bata kiko wapi? Na moto wa supu tupunguze?"

Wote wakamtazama. Kit Yeng, akiwa chini, aliona visigino vya Bibi vikinyanyuka chini ya upindo mwekundu. Mwili wake ulishaanza safari. Mkono mmoja ulishashika ubavu wa kiti. Kit Yeng alitaka kusema kaa, na kwa mara moja maishani mwake hakusema.

Visigino vikashuka. Bibi alijisogeza nyuma, nyuma, hadi mgongo wake ukagusa kiti.

"Tafuteni!" alipaza sauti.

Kisha akamnyooshea mjukuu wake kikombe kitupu, amwongezee.